Kupanga Timu Kabla ya Msimu: Ubashiri katika Soka ya Wasichana wa Shule na Vyuo

Ubashiri wa kabla ya msimu ni orodha inayopanga timu kwa ubora unaotarajiwa, kabla hata mechi moja ya mashindano haijachezwa. Anayeiandaa hana matokeo ya msimu anaouzungumzia. Alicho nacho ni matokeo ya mwaka uliopita, majina ya wachezaji waliobaki, habari za waliohama, na pengine mechi mbili tatu za kirafiki. Katika soka ya klabu za watu wazima hayo humtosha kwa kiasi, kwa kuwa wachezaji husaini kandarasi za miaka kadhaa na kikosi cha Machi hufanana na cha Septemba. Katika soka ya wasichana wa shule na vyuo kazi ni ngumu zaidi, maana kikosi chenyewe hakidumu. Kila mwaka darasa la mwisho hufanya mtihani na kuondoka, na pamoja nalo huondoka nahodha, kipa au mfungaji ambaye jina la shule lilijengwa juu yake.

Hata hivyo orodha huandaliwa, na hazikomi. Marekani huandaliwa kwa kura rasmi za makocha. Kitengela, Kajiado mjini, Ngong na Loitokitok, katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya, huandaliwa midomoni mwa walimu wa michezo na wanafunzi mara muhula wa pili unapokaribia, bila karatasi wala alama. Mantiki ni moja katika sehemu zote hizo, na makosa pia ni yaleyale.

Mahali ambapo desturi hii imekomaa zaidi ni vyuo vikuu vya Marekani. Sheria ya mwaka 1972 inayojulikana kama Title IX, iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopata fedha za serikali kuu, ilivisukuma vyuo kuwafungulia wanawake milango ya michezo. Miaka 10 baadaye, mwaka 1982, chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikaanzisha ubingwa wa soka ya wanawake. Leo daraja la kwanza peke yake lina timu zaidi ya 300. Msimu huanza Agosti na kumalizika Desemba, na timu moja hucheza takriban mechi 20, kwa hiyo timu nyingi hazikutani kabisa. Pasipo orodha ya kuziweka pamoja, mtu wa California hana njia ya kujua kama timu ya chuo chake inaiweza ile ya Florida.

Kura ya makocha hufanywa hivi. Kila mpiga kura huandika timu 25 kwa mpangilio anaouona yeye. Ya kwanza hupewa alama 25, ya pili 24, na kuendelea hadi ya mwisho inayopata alama moja. Kura zote zikishajumlishwa, timu yenye alama nyingi hukaa kileleni. Chama cha makocha, United Soccer Coaches, hutoa orodha ya namna hiyo kabla ya mechi za Agosti na kuisahihisha wiki baada ya wiki. Ligi za kanda nazo zina kura zao, na mara nyingi kocha haruhusiwi kuipigia timu anayoinoa mwenyewe.

Kura hizo zina udhaifu unaojulikana. Kocha huijua vizuri timu aliyokutana nayo, na zilizobaki huzijua kwa sifa. Matokeo yake ni kwamba jina kubwa hupandishwa juu kwa mazoea, na timu iliyoimarika kimyakimya huachwa chini mpaka imfunge mtu. Kwa sababu hiyo, kamati inayochagua timu 64 za mashindano ya ubingwa haiegemei kura za Agosti. Inatazama matokeo yenyewe, na kwa miaka mingi kigezo chake kikuu kimekuwa hesabu iitwayo RPI, ambamo ushindi wa timu yenyewe huchukua robo, ushindi wa wapinzani wake nusu, na ushindi wa wapinzani wa wapinzani hao robo iliyobaki. Uzito mkubwa kuliko wote umewekwa kwa wapinzani. Timu iliyoshinda mechi 15 dhidi ya wanyonge inaweza kuorodheshwa chini ya iliyoshinda 10 dhidi ya vigogo.

Mambo mawili ya miaka ya karibuni yanaonyesha jinsi ubashiri unavyoweza kupinduka. Mei 2021, katika fainali iliyoahirishwa kwa sababu ya janga la korona, Florida State walioorodheshwa wa kwanza na ambao hawakuwa wamepoteza mechi walitoka sare ya 1-1 na Santa Clara, timu iliyoorodheshwa ya 11, wakalazwa kwa mikwaju ya penalti. Kisha Agosti 2024, siku chache kabla ya msimu kung'oa nanga, Anson Dorrance wa North Carolina alistaafu baada ya kuiongoza timu hiyo zaidi ya miaka 40 na kutwaa mataji 21 ya NCAA. Habari ya namna hiyo huvuruga orodha yoyote. Lakini Desemba mwaka huohuo, chini ya kaimu kocha Damon Nahas, North Carolina waliilaza Wake Forest 1-0 na kubeba taji la 22.

Kajiado hakuna kura ya makocha wala orodha ya timu 25. Kilichopo ni ngazi ya mashindano ya Chama cha Michezo cha Shule za Upili nchini Kenya, KSSSA, ambayo kwa soka huchezwa muhula wa pili. Shule huanzia kwenye zoni, zikapanda hadi kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha kanda, halafu fainali za kitaifa, na walio bora huendelea hadi mashindano ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA. Ubashiri wowote wa shule ya Kajiado lazima usome ngazi hiyo, kwa kuwa ugumu wa njia haulingani kila mahali.

Kwanza ni kaunti yenyewe. Kajiado ina maeneo bunge matano na, kwa sensa ya 2019, watu 1,117,840. Kitengela, iliyo Kajiado Mashariki kando ya barabara ya Namanga, ni mji uliofurika wahamiaji kutoka pande zote za nchi. Wasichana wanaoucheza mpira huko wanatoka katika familia zilizokuja kwa kazi za viwanda vya Athi River, kwa biashara au kwa nyumba nafuu kuliko za Nairobi. Loitokitok, chini ya mlima Kilimanjaro, ni ulimwengu mwingine, na magharibi mwa kaunti, kuelekea Magadi, shule ziko mbalimbali mno hivi kwamba mechi ya kirafiki ni safari. Mwalimu wa Kitengela anaweza kupata mechi nne za majaribio kwa wiki mbili bila kutumia pesa nyingi. Mwenzake wa upande wa Magadi hupata moja akibahatika. Anayepanga orodha kwa kutazama mechi za kirafiki huishia kuziona shule za mijini pekee.

Udongo nao una neno. Tambarare za Kitengela na Athi zimefunikwa na udongo mweusi unaonata mvua za masika zinapokuwa hazijakatika, mwezi Mei, na kukauka na kupasuka nyufa kufikia Julai. Timu inayotegemea pasi fupi za chini huteseka wiki za kwanza za muhula na kuchanua baadaye. Matokeo ya Mei katika uwanja uliolowa hayapaswi kuhesabiwa sawa na ya Julai, na mwalimu mwenye uzoefu hujua kuyapunguzia uzito.

Pili ni mpaka wa kanda. Kajiado iko katika kanda ya Rift Valley pamoja na kaunti nyingine 13, kutoka Narok na Nakuru hadi Turkana. Athi River, mwendo wa dakika chache kwa matatu kutoka Kitengela, iko Machakos, na shule zake hupitia kanda ya Mashariki. Shule mbili zinazoweza kukopeshana mipira ya mazoezi kwa hiyo hukabiliana na wapinzani tofauti kabisa. Msichana wa Kitengela akitaka kufika fainali za kitaifa lazima apite katika kanda yenye Trans Nzoia, kaunti ya Wiyeta Girls, mojawapo ya majina makubwa katika soka ya wasichana wa shule nchini. Anayesema timu ya Kajiado ni dhaifu kwa kuwa haijafika taifani anapaswa kwanza aulize imetolewa na nani.

Baada ya ngazi kusomwa, kinachofuata ni kikosi. Hapa ndipo penye kazi kubwa ya ubashiri, na ndipo wengi hukosea. Swali la kwanza ni nani ameondoka. Katika mfumo wa elimu wa 8-4-4 mwanafunzi alikaa shule ya upili miaka minne, kwa hiyo karibu robo ya shule ilibadilika kila mwaka, na robo hiyo ilikuwa na wachezaji waliokomaa zaidi. Timu iliyotwaa ubingwa wa kaunti ikiwa na wasichana saba wa kidato cha nne katika kikosi cha kwanza haistahili kupewa nafasi ya kwanza mwaka unaofuata kwa sababu tu ni bingwa. Ile iliyofungwa fainali ikiwa na wasichana tisa wa kidato cha pili na cha tatu ndiyo inayotakiwa kutazamwa.

Miaka hii hesabu hiyo imeingiliwa na mabadiliko ya mtaala, na athari yake kwa michezo haijazungumzwa vya kutosha. Mtihani wa mwisho wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulifanywa mwaka 2023, na walioufanya wakaingia kidato cha kwanza Januari 2024. Hilo lilikuwa kundi la mwisho la 8-4-4. Mwaka 2025 hapakuwa na kidato cha kwanza nchini kote, kwa sababu wenzao wa mtaala mpya walibaki gredi ya tisa katika sekondari msingi. Timu za shule za upili zikacheza msimu huo bila chipukizi hata mmoja mpya wa darasa la kuingilia. Waliokuwepo walikuwa wakomavu na waliozoeana, kwa hiyo 2025 ulikuwa mwaka ambao orodha ya mwaka uliotangulia ingeweza kuaminiwa kuliko kawaida. Januari 2026 gredi ya 10 ya kwanza ikaingia sekondari pevu, na wengi wa wasichana hao hawajawahi kuonekana katika mashindano ya shule za upili. Kundi la mwisho la kidato cha nne linafanya mtihani 2027. Baada ya hapo mwanafunzi atakaa sekondari pevu miaka mitatu pekee. Kikosi kitakuwa kikibadilika theluthi moja kila mwaka badala ya robo, na ubashiri unaotegemea sifa za mwaka jana utazidi kupungua nguvu.

Mtaala huo pia una mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo, sambamba na ule wa sayansi na teknolojia na ule wa sayansi za jamii. Si kila shule inautoa. Shule inayoutoa ina nafasi ya kuwavuta wasichana wenye vipaji kutoka mbali, na shule ndogo ya kutwa iliyokuwa ikiwategemea wasichana wa mtaa wake inaweza kuwapoteza kabla hawajavaa jezi yake. Anayetaka kujua nani atatamba Kajiado miaka ijayo atatazama orodha ya mikondo inayofundishwa kama anavyotazama matokeo ya fainali.

Yapo mengine yasiyoandikwa popote. Ukame uliokumba Kajiado kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023 uliua mifugo wengi, na ng'ombe ndiye karo ya familia nyingi za wafugaji. Karo ikikosekana, mchezaji hukaa nyumbani. Kwa msichana hatari haikomei kwenye karo: ukeketaji, uliopigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, na ndoa za mapema bado zinawaondoa wasichana darasani katika baadhi ya sehemu za kaunti. Kocha wa wavulana hujiuliza kama mshambuliaji wake amepona kifundo cha mguu. Kocha wa wasichana katika maeneo hayo hujiuliza, Januari shule zinapofunguliwa, kama mshambuliaji wake atarudi. Hakuna fomula inayoweza kulibeba swali hilo, na ndiyo maana mwalimu anayezijua familia hubashiri vizuri kuliko mgeni mwenye kompyuta.

Fomula zenyewe si ngumu. Inayotumika sana ilibuniwa na Arpad Elo, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, kwa ajili ya mchezo wa sataranji. Viwango vya FIFA vya soka ya wanawake, vilivyoanza kutolewa mwaka 2003, vimejengwa juu ya wazo hilo. Kila timu ina alama. Tofauti ya alama kati ya timu mbili hutoa uwezekano wa ushindi: tofauti ya 100 humpa mwenye nyingi nafasi ya asilimia 64, na tofauti ya 200 asilimia 76. Mechi ikiisha, mshindi humnyang'anya mshindwa alama, na kadiri ushindi ulivyokuwa haukutarajiwa ndivyo anavyonyang'anya nyingi zaidi.

Chukua shule ya kubuni ya Kitengela yenye alama 1,500 ikikutana na kigogo wa kanda mwenye 1,700. Nafasi yake ni asilimia 24. Kama kiwango cha juu cha alama zinazoweza kuhama katika mechi moja ni 32, ikishinda itajipatia 24, na ikishindwa itapoteza 8 tu. Kabla ya msimu mpya, alama za kila timu huvutwa kuelekea wastani, kwa sababu bingwa hupoteza watu na mnyonge hupata wapya. Ikivutwa theluthi moja kuelekea 1,500, timu iliyomaliza mwaka na 1,650 inaanza mwaka mpya na 1,600. Mwalimu anayejua hesabu za kidato cha pili anaweza kuifanya kazi hiyo kwa kalamu.

Hesabu hiyo hufundisha jambo moja ambalo mashabiki hulisahau: timu bora haishindi mara nyingi kama inavyodhaniwa. Soka ina mabao machache. Timu yenye uwezo wa wastani wa bao moja na nusu kwa mechi, ikicheza na yenye wastani wa bao moja, itashinda karibu mara 49 katika mechi 100, itatoka sare mara 26, na itafungwa mara 25. Katika mchujo hali huwa mbaya zaidi kwa anayepewa nafasi. Timu yenye asilimia 70 ya kushinda kila mechi ina asilimia 24 tu ya kushinda nne mfululizo. Kwa hiyo anayeitaja timu bora ya kaunti, kisha timu hiyo ikatolewa nusu fainali, hajathibitika kuwa amekosea. Huenda alikuwa sahihi na mpira ukagonga mwamba.

Mahali ambapo orodha ya kabla ya msimu ina kazi halisi katika michezo ya shule ni kwenye droo. Katika mashindano mengi ya ngazi za chini, droo hufanywa kwa karatasi ndogo zilizokunjwa na kutiwa ndani ya kofia au bakuli, walimu wakiokota mmoja baada ya mwingine. Njia hiyo ina haki yake, kwa kuwa hakuna anayeweza kulalamikiwa. Lakini timu zikiwa nane katika makundi mawili ya timu nne nne, uwezekano wa zile mbili zilizo bora kuangukia kundi moja ni tatu kwa saba, yaani asilimia 43. Zikiangukia pamoja, kundi la pili hubaki jepesi, na timu ya kawaida huweza kufika fainali bila kukutana na kigogo. Kama anayeingia fainali ni bingwa wa kundi pekee, mojawapo ya timu bora huikosa, na wasichana wake wa mwaka wa mwisho hawarudi tena. Kuzitenganisha timu mbili za juu kabla ya droo kunatibu tatizo hilo, ila kunahitaji orodha inayoaminika, na orodha haiaminiki isipokuwa imejengwa juu ya kumbukumbu. Pasipo kumbukumbu, kutenganisha vigogo kunageuka kuwa upendeleo.

Ligi kuu ya wanawake nchini nayo ina somo kwa wabashiri. Msimu wa 2023/24 Kenya Police Bullets walitwaa ubingwa wakiwa na jina jipya kabisa kwenye jedwali. Aliyetazama jina aliwaona limbukeni. Aliyetazama kikosi alijua kuwa klabu hiyo ilitokana na Thika Queens, mabingwa wa zamani. Chini ya kocha Beldine Odemba walifika fainali ya kanda ya CECAFA ya Ligi ya Mabingwa jijini Addis Ababa mwaka 2024, wakashindwa na CBE ya Ethiopia. Shule za Kajiado hukumbwa na jambo kama hilo kwa kiwango kidogo: mwalimu akihamishwa, wasichana kadhaa humfuata, na shule ambayo hakuna aliyeitaja mwaka jana hugeuka tishio.

Mfano mkubwa kuliko wote wa timu isiyotarajiwa ni Junior Starlets, timu ya taifa ya wasichana wasiozidi umri wa miaka 17. Juni 2024 waliibandua Burundi kwa jumla ya mabao 5-0 na kuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufuzu Kombe la Dunia la FIFA la daraja lolote. Katika Jamhuri ya Dominika mwezi Oktoba, chini ya kocha Mildred Cheche, walifungwa 2-0 na Uingereza na 3-0 na Korea Kaskazini, kisha wakaichapa Meksiko 2-1. Wengi wa wasichana hao walikuwa wanafunzi wa shule za upili, waliotoka katika ngazi zilezile za zoni, kaunti na kanda.

Kwa upande wa vyuo, Kajiado ina Chuo Kikuu cha Africa Nazarene huko Ongata Rongai, Chuo Kikuu cha KAG East pale Kitengela na Chuo Kikuu cha Umma katika mji wa Kajiado. Michezo ya vyuo vikuu husimamiwa na shirikisho la KUSF. Ubashiri wa ngazi hiyo una ugumu wa pekee, kwa kuwa wachezaji walio bora huenda wakawa wanachezea pia klabu za ligi, na chuo hakijui mapema nani ataruhusiwa. Chuo Kikuu cha Zetech kimelitatua hilo kwa kuipeleka timu yake, Zetech Sparks, kushiriki ligi kuu yenyewe. Msimu wa ligi huwapa mechi nyingi za ushindani, na timu yenye mechi nyingi ndiyo inayopimika.

Njia ya kwenda vyuo vya Marekani ipo pia, na huko ndiko kumbukumbu hugeuka kuwa mkate. Mganda Sandra Nabweteme alisomea Southwestern Oklahoma State, chuo cha daraja la pili la NCAA, akafunga mabao mengi huko na baadaye akacheza soka ya kulipwa Iceland. Kocha wa chuo cha mbali anayetafuta mshambuliaji huuliza mambo ya kawaida: mechi ngapi, mabao mangapi, dhidi ya nani, na kama kuna video. Msichana wa Isinya au Kiserian aliyefunga mabao 20 kwa msimu mmoja, ambayo hakuna aliyeyaandika, hana la kujibu.

Kuna hatari moja inayostahili kutajwa waziwazi. Ubashiri ni ndugu wa kamari, na maduka ya kubeti hayakosekani katika miji ya Kenya. Wanafunzi hawa ni watoto. Orodha inayotolewa kwa ajili ya kupanga makundi au kuwatambua wachezaji isiwekwe pamoja na dau la aina yoyote, wala mchezaji mmoja mmoja asitajwe kwa namna inayomtwika lawama ya pesa za watu wazima.

Kinachohitajika ili Kajiado iwe na orodha yake ya haki ni kidogo. Daftari moja kwa kila shule linatosha: tarehe ya mechi, uwanja, mpinzani, matokeo, wafungaji na dakika, jina la kipa, na darasa la kila mchezaji aliyeanza. Darasa ndilo wengi hulisahau, na ndilo linaloeleza nani atakuwepo mwakani. Nakala za daftari hizo zikikusanywa na waandalizi wa michezo wa kaunti kila muhula wa pili unapoisha, baada ya misimu miwili kutakuwa na msingi wa kutenganisha timu kwenye droo bila ugomvi. Walimu wa michezo wa Kitengela na wa kaunti nzima wanaweza kuanza na mechi ya kirafiki inayofuata, na mzazi au mwanafunzi aliye kando ya uwanja anaweza kuwasaidia kuandika.